Mashimo Elfu Mbili

Kiwanda kile kilikuwa na desturi moja ambayo ukimsimulia mkulima yeyote atacheka mpaka akae chini: kilipanda miti wakati wa kiangazi. Si kwamba wenyewe walikuwa wajinga, la hasha, walikuwa wasomi wa kutosha. Ila mwaka wao wa hesabu ulifungwa mwezi ule ule ambao jua linapasua ardhi, na ripoti ya mwaka ilikuwa na ukurasa wake wa mazingira, na ukurasa huo ulitaka namba. Miti iliyopandwa. Hakuna mahali palipouliza miti iliyopona.

Basi kwa miaka miwili mfululizo miche elfu mbili ilibebwa kutoka kitaluni, ikashindiliwa kwenye mashimo elfu mbili nyuma ya kiwanda, ikapigwa picha, ikakauka. Mwaka wa pili hawakuchimba hata shimo moja jipya. Ya nini, na ya mwaka jana si yapo? Waling'oa vijiti vikavu, wakatumbukiza miche mibichi, na ripoti ikaandika miti elfu nne. Hata wacheza mazingaombwe wana haya kuliko hivyo.

Aliyeotesha miche yote hiyo alikuwa mama mmoja ambaye kila mtu alimwita Mama Kitalu, na mwenyewe aliitikia jina hilo haraka kuliko alilopewa na wazazi wake. Alikuwa mjane, mfupi, magoti yameota sugu kwa kupiga magoti matutani, na maneno hayamkai mdomoni. Alikuwa na mtoto mmoja tu, binti, msimamizi wa wafungashaji hapo hapo kiwandani, na mkwe mmoja, mwanamume mpole wa kulisha kuni kwenye boila. Familia nzima ilikula kwa kiwanda. Ni vizuri hilo lijulikane mapema, maana Mama Kitalu hakuwa mtu wa kusimama nje ya ua akirusha mawe. Alikuwa ndani, na anakula.

Na chakula kilikuwepo, tusiwe wachoyo wa kusema. Kiwanda kilitengeneza vitambaa vya kwenda nje, na katika miaka sita kilitoka banda moja kikafika mabanda tisa. Barabara ilitiwa lami. Zahanati ilijengwa. Watu waliokuwa wakilala chini ya nyasi sasa mvua ikinyesha wanasikia bati likilia juu ya vichwa vyao. Lakini rangi haishiki kitambaani bila maji ya moto na mvuke, mvuke hautoki bila boila, na boila chakula chake ni kuni. Lilianza moja, yakawa matatu. Mlima wa nyuma, ambao zamani ukiingia msituni unaita mwenzako asipotee, ulibaki upara. Siku za upepo vumbi lake linaingia mpaka kwenye sufuria.

Kilichosalia ni mikangazi saba, miti mikubwa ya mbao nyekundu, mtu na mtu hawawezi kukumbatia mmoja wakashikana mikono. Ilisimama pale juu mlimani, kwenye chemchemi, na hakuna aliyethubutu kuigusa kwa sababu maji ya chemchemi ile ndiyo yaliyonywesha mtaa mzima wa chini, pamoja na kitalu. Kiwanda chenyewe kilikuwa na visima vyake virefu, hakikuwa na habari nayo. Chemchemi nayo ilikuwa inachoka. Mama Kitalu alikumbuka enzi ambazo ndoo ilijaa kabla hujamaliza kumjulia mwenzako hali. Siku hizi unatega ndoo, unasikiliza umbea wa ndoa ya mtu tangu uchumba hadi talaka, ukigeuka bado haijafika nusu.

Ndiyo maana alikuwa na mradi wake. Alikwenda kuokota mbegu chini ya ile mikangazi saba na kuziotesha. Si kazi ya mchezo. Mbegu za mkangazi hazina subira, ukizikawiza wiki chache zimekufa. Za kwanza zilioza. Za pili zililiwa na siafu, akalia kama mtu aliyefiwa. Za tatu ndizo zilizomchekea, zikaota. Miaka miwili aliilea miche ile kwenye viriba, vile vifuko vya plastiki vya udongo, akiipunguzia kivuli kidogo kidogo ili izoee jua, akiikata mizizi iliyotoboa viriba, akiisemesha. Ilikuwa elfu mbili na kitu. Mvua ya kwanza ikishuka, ingepandwa kuzunguka chemchemi, mteremko mzima, na baada ya miaka kadhaa mlima ungeanza tena kushika maji. Hilo tu ndilo alilolitaka duniani. Afisa wa mazingira wa kiwanda, kijana mwenye shati lisilokunjamana ambaye wafanyakazi walimwita Bwana Mazingira, alikuwa amemwahidi kwa mdomo wake: "Hiyo ni yako, mama. Mvua ya kwanza tu."

Ahadi ni deni, lakini kuna watu wamezoea kuishi na madeni.

Jumanne moja, mvua ikiwa bado wiki sita, Bwana Mazingira aliingia kitaluni bila kofia, na ukiona mtu kama yule anakuja juani bila kofia ujue kuna jambo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuja kunisaidia kumwagilia?"

Akacheka kidogo, kicheko cha kununua muda. Akasema Ijumaa kuna wageni. Wanunuzi wakubwa, kutoka nje, na wakaguzi wao. Wakiridhika kwamba kiwanda kinakua bila kuharibu mazingira watatoa cheti cha kijani, na cheti kikitoka, oda zinakuwa mara mbili. "Wanataka kuona miti, mama. Kwa macho yao."

"Waonyeshe ile elfu nne ya kwenye ripoti."

"Mama, tafadhali."

"Si ipo? Au imekwenda likizo?"

Kijana wa watu akajipangusa jasho. Akauliza miche ya kawaida ya mwaka huu iko wapi. Mama Kitalu akamwonyesha matuta matatu ya viriba vyenye vijiti vya kahawia. Ilikufa. Maji yalikuwa hayatoshi miche yote, akalazimika kuchagua nani anywe na nani asinywe, akachagua mikangazi. Bwana Mazingira akageuza macho taratibu kuelekea kwenye mikangazi iliyojipanga kivulini, mibichi, majani yanang'aa. Mama Kitalu akayaona macho yale yanakokwenda.

"Hapana," akasema, kabla hajaulizwa.

"Ni siku moja tu..."

"Siku moja ya kupanda, na siku tisa za kufa. Wewe umesoma, baba. Niambie shuleni walikufundisha mche unapandwa kiangazi ukapona?"

Kijana hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomuudhi zaidi Mama Kitalu. Angekuwa mbaya angemtukana wakamalizana. Kijana alisimama pale akitazama viatu vyake, akasema kwa sauti ya chini kwamba na yeye amekalia kuti kavu, kwamba mkurugenzi ameshawaambia wageni kuna miti elfu mbili michanga nyuma ya kiwanda. "Ijumaa saa nne," akasema, na akaenda zake.

Alipoondoka tu, Mama Kitalu alifunga lango la kitalu kwa kufuli, ufunguo akaufunga kwenye pindo la nguo yake. Akalala nao. Jumatano akaenda nao sokoni.

Jioni ya Jumatano binti yake alimfuata nyumbani, sare ya kiwanda bado mwilini, vipande vya nyuzi vimemganda nyweleni. Hakuketi.

"Mama, unajua wanavyokusema huko?"

"Waseme. Mdomo ni wao."

"Wanasema cheti kikikosekana wanapunguza zamu ya tatu. Zamu ya tatu ni ya nani, mama? Si ya mume wangu?"

Mama Kitalu alikuwa anachambua mboga. Akaendelea kuchambua. Binti akasema hivi mama anadhani chemchemi ndiyo iliyomjengea nyumba ile? Chemchemi ilikuwepo tangu enzi, maji tele, safi, na walikuwa wanalala njaa na maji yao safi. "Baba alikufa kwa homa ya siku tatu kwa sababu zahanati ilikuwa mwendo wa kutwa. Chemchemi ilimsaidia nini baba?"

Hapo alimgusa penyewe. Mama Kitalu aliacha mboga. Alijua binti hasemi uongo. Kama ungekuwa uongo ungekuwa na dawa. Alitamani kumjibu kwamba na zahanati pia inahitaji maji, kwamba bati halinyweki, kwamba kiwanda kinachokula mlima siku moja kitafika mwisho wa mlima. Lakini alimwona mwanawe alivyochoka, macho mekundu kwa dawa za rangi, akasema tu:

"Siwakatazi kupanda. Nawakataza kuua. Wangoje wiki sita, nitaipanda yote kwa mikono yangu, bure."

"Wageni hawangoji mvua, mama."

"Basi mvua nayo haiwangoji wao."

Binti aliondoka bila kuaga. Haijawahi kutokea. Mama Kitalu alikaa na mboga zake, akajiuliza kama yeye ni mlezi wa miti au ni mzee mkaidi tu anayemnyima mwanawe ugali.

Alhamisi mchana akaja mkwe. Mkwe yule alikuwa na heshima ya kupitiliza. Tangu amwoe binti, hakuwahi kumtazama mama mkwe wake usoni. Akizungumza naye huzungumza na mlango, au na kuku. Siku ile aliketi kwenye kigoda nje ya kitalu, upande wa pili wa wavu, mikono yake ya boila iliyoungua madoadoa ameilaza magotini, akamwamkia. Kisha akamkazia macho kuku aliyekuwa akipekua udongo.

"Sema, baba," Mama Kitalu akamhimiza. "Najua umetumwa."

"Sikutumwa, mama. Nimekuja mwenyewe." Maneno yaliyobaki akakiambia kiatu chake. "Sipendi mnavyogombana na mwanao. Amelia usiku kucha."

"Na mimi sikucheka."

"Najua. Nimefikiri. Wale wageni hawana haja na mikangazi yako. Wana haja ya kuona kijani kwenye mashimo, basi. Funika kombe mwanaharamu apite." Akakohoa. "Ikipatikana njia nyingine, mama, miche yako isiguswe hata mmoja, wageni wapite, kila mtu abaki na kazi yake. Utaridhika?"

Mama Kitalu alihisi kifua kinafunguka. Alidhani ana maana ya kununua miche kwingine. Kulikuwa na vitalu vingine, barabara ya kwenda mjini, vilivyouza miche ya maua na michongoma. Wapande michongoma! Wapande hata plastiki, watajua wenyewe.

"Nitaridhika, baba," akasema. "Wallahi nitaridhika. Ukiifanya hiyo nitakuombea dua kila siku ya Mungu. Nenda, nakupa baraka zangu zote."

Mkwe akainuka, akainama kidogo, akaenda. Mama Kitalu alimsindikiza kwa macho, akajisemea kwamba binti yake hakukosea kuolewa. Jioni alimwagilia mikangazi yake huku anaimba. Aliitania miche: oneni mnavyopiganiwa, na bado mnajikunyata.

Ijumaa asubuhi maji ya bomba la kitalu yalikuja na tope. Alikinga ndoo mbili za rangi ya chai, akalaani wachungaji wanaoacha ng'ombe wao wapande mpaka chemchemini, akaamua atakwenda kuwatafuta akipata nafasi. Saa tatu Bwana Mazingira alipita, kofia kichwani, anang'aa.

"Njoo uwanjani nyuma ya kiwanda, mama. Yamekwisha. Nitakutambulisha kwa wageni."

"Mmepata wapi miche?"

"Mkwe wako ametuokoa. Njoo tu."

Alijitia sabuni miguuni, akavaa nguo yake nzuri, akaenda. Na jamani, uwanja ulipendeza! Mashimo elfu mbili, na kila shimo limesimamisha mti wa kimo cha kiuno, majani ya kijani yaliyoiva, yametandaza vivuli vidogo ardhini. Alisimama akashangaa. Miche ya kununua haiwi mikubwa hivyo. Wageni walikuwa wanatembea katikati ya mistari, wanapiga picha, wanainama kusoma vibao. Wafungashaji walipangwa kando na sare safi, binti yake mbele na sinia la bilauri za maji. Alipomwona mama yake alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu Jumatano.

"Huyu ndiye mama wa miche yetu," Bwana Mazingira aliwaambia wageni kwa lugha yao, kisha akamgeukia na kumtafsiria.

Mgeni mmoja, mwanamke mtu mzima mwenye miwani, alimshika mkono kwa mikono miwili. Mama Kitalu akaona haya, akaangalia chini, na hapo akaona mche mmoja umeinama. Mkono wa mlezi ukishazoea umezoea. Aliinama aunyooshe, akaushika shingo, akauvuta kidogo. Ukatoka wote.

Haukuwa na mzizi. Chini ulikuwa umechongwa kwa panga, mshazari, bado unatoa maji. Gome lake lilikuwa la mti mzima, gumu, lenye magamba, si gome la mche. Na majani yale, aliyajua majani yale. Alikuwa ameyafuta vumbi jani kwa jani miaka miwili, kwenye mikangazi yake michanga. Haya yalikuwa ya mama yao.

Mgeni alisema jambo. "Anauliza siri ni nini," Bwana Mazingira alitafsiri, macho yameganda kwenye lile tawi. "Kiangazi kama hiki, mimea imebaki kijani. Anauliza mnafanyaje."

Kila mtu alimtazama. Alikuwa na tawi mkononi, na neno moja tu lingetosha. Alimtazama binti yake. Binti alikuwa anatikisa kichwa polepole, mama usiseme. Mama Kitalu aliiona zamu ya tatu. Aliiona zahanati. Aliwaona wale wanawake wote wa sare, na watoto wao, na mabati yao, na akajua kwamba akifungua mdomo mikangazi haitasimama tena, ila watu wataanguka.

Akalirudisha tawi shimoni. Akalishindilia udongo kwa kiganja, pande zote, kama unavyoshindiliwa mche wa kweli.

"Mwambie tunamwagilia," akasema.

Mgeni akaandika kwenye daftari lake.

Hakungoja vinywaji. Alipita nyuma ya mabanda, akaushika mlima, magoti yanamlilia, hakupumzika. Alijua atakachokiona na bado alipokiona alitoa sauti ambayo hakuijua kuwa ni yake. Yote saba. Matawi huwezi kuyafikia juu kule, kwa hiyo walikuwa wameiangusha. Vilibaki visiki vya rangi ya nyama, na lori limepaki pembeni, na wanaume wanapakia magogo ya kwenda kwenye boila, maana kuni nzuri hazitupwi. Jua lilipiga moja kwa moja juu ya chemchemi, mahali ambapo tangu utoto wake hajawahi kuliona jua. Walipoburuta magogo walikuwa wamebomoa ukingo. Palibaki dimbwi la tope, na kando yake maji membamba yakitafuta pa kupitia.

Miche elfu mbili kule chini ingekunywa nini wiki sita? Hakuwa na haja ya kupiga hesabu. Aliijua miche yake.

Mkwe wake alimwona, akaweka shoka chini haraka, akaja anajifuta mikono kwenye suruali. Alikuwa hajalala, mwili mzima unga wa mbao.

"Mama, hakuna aliyeigusa," akasema, anahema. "Hata jani. Niliwaambia wote, kitalu cha mama marufuku. Nimeambiwa wageni wameridhika. Cheti kinatoka. Boila la nne linakuja, mama, na mimi ndiye nitakayelisimamia." Akasita, akaongeza kwa upole, "Hii mizee ilikuwa imeshazeeka. Yako ndiyo michanga. Si ndiyo uliyoitaka?"

Mama Kitalu alitafuta hasira yake, ile iliyomsimamisha miaka yote. Angemtukana nani? Kijana alikuwa amehangaika usiku na mchana kumwokolea miche, na amekuja na matokeo yake mbele yake kama mtu aliyeleta zawadi. Na baraka alikuwa amempa yeye mwenyewe, kwa kinywa chake, kwa kuapa.

"Ahsante, baba," akasema.

Na mkwe yule, ambaye miaka yote hakuwahi kumtazama usoni, siku ile kwa furaha alisahau, akainua macho, akamtazama na kutabasamu. Mama Kitalu akageuka haraka upande wa lori, ili asimwone analia.